Mji wa Unga

Mwaka uliopita binti yangu aliyeolewa huko Ulaya alinipeleka kutembezwa katika mji mmoja wa kale wa Ufaransa. Jina la mji huo sitalitaja. Limetajwa vya kutosha maishani mwangu. Tulikuwa watu kumi na wanne, wengi wazee wenzangu wenye viatu vya mpira, na aliyetuongoza alikuwa msichana mwembamba mwenye mwavuli wa njano, aliouinua juu ili tusipoteane. Akisimama tunasimama, akienda tunamfuata, na binti yangu ananitafsiria sikioni.

Tulipofika kwenye kisima cha mawe, kabla yule msichana hajafungua mdomo, nikasema kwa Kiswahili: "Sasa tunageuka kushoto, mtaa wa watengeneza ngozi, halafu ngazi kumi na moja, halafu lango dogo." Binti yangu akacheka, akawatafsiria wote. Msichana akashusha mwavuli wake. Tukageuka kushoto, tukashuka ngazi tukizihesabu kwa sauti, zikawa kumi na moja, na wale wazee wakanipigia makofi. Mmoja akaniuliza niliishi hapo miaka gani.

Binti yangu aling'aa kwa fahari. Mimi nilipandwa na hasira, mpaka nikatafuta ukingo wa ukuta nikakaa. Akaniuliza kama nimechoka. Nikamwambia sijachoka, aniache. Akaniletea maji, masikini, akidhani ni miguu. Sijawahi kumweleza. Kwa hiyo naandika hapa, kwa ajili yake na kwa ajili yenu wa rika langu, mliosoma shule za namna ile.

Mji ule niliujua kwa miguu mitupu, nikiwa na umri wa miaka kumi na mmoja, katika uwanja wa shule ya masista pale Tabora.

Sista aliyetufundisha alikuwa Mfaransa, mfupi, mwenye mikono myekundu iliyobambuka kwa jua. Sisi wasichana tulimpa jina la Sista Geuka. Alikumbuka kwao kupita kiasi, na badala ya kulilia chumbani kwake alitushirikisha sisi. Mara mbili kwa wiki, katika kipindi cha jiografia, alituchorea mji wake uwanjani kwa chokaa: kuta, mitaa, makanisa, soko, mto. Mistari ilikuwa mirefu, uwanja mzima ulijaa. Kisha anatutembeza. "Geuka kulia! Hapa soko la samaki. Nuseni!" Tunanusa. "Hapa nyumba ya askofu. Goti!" Tunapiga goti vumbini. Aliyekanyaga mto alichapwa fimbo mbili, kwa sababu eti amezama. Nilishuhudia wenzangu wakizama kila wiki katika nchi ambayo kiangazi chake tulifukua mchanga kupata maji ya kunywa.

Mitaa ilikuwa na majina yake, nasi tulilazimika kuyasema kwa mpangilio huku tukitembea. Martini, mtaa wa kanisa kuu. Tanera, wa watengeneza ngozi. Bushe, wa wachinjaji. Kordelie, wa watawa wa zamani. Rampari, ule unaofuata ukuta. Hivyo ndivyo tulivyoyatamka, na Sista alisahihisha akachoka, akatuachia. Kuhusu Tabora alitufundisha kwamba kuna joto.

Mimi niliushika mji ule kuliko wote. Na lazima niseme kwa nini, maana hapo ndipo upumbavu wangu ulipoanzia. Nilidhani ule mji ni mbinguni. Msinicheke. Sista alisema una kuta na malango, una kengele mchana kutwa, watakatifu wamesimama mlangoni, hakuna vumbi. Siku moja alisema, macho yakiwa na machozi, "Nikifa nataka kurudi kule." Mtoto wa Tabora angeelewa nini zaidi? Nikajua kwamba mtu akifa anafika langoni, anaulizwa mitaa, akikosea anarudishwa. Ndiyo maana tulikuwa tunafundishwa. Niliwaonea huruma wale waliokosea kona, na usiku katika sala niliongeza Martini, Tanera, Bushe, ili nisije nikasahau.

Nyumbani nilikaa na Baba peke yake. Mama alifariki nikiwa mdogo. Baba alikuwa fundi seremala wa misheni. Madawati yale, milango ile, vyote ni mkono wake. Sista alipopata habari kwamba DC na mkewe watakuja kuona shule, pamoja na wageni wengine wa Kizungu, alimwagiza Baba atengeneze malango matano ya mbao ya kusimamisha uwanjani, ili mji uonekane mji. Baba akaranda mbao wiki nzima. Kila jioni nilimpigia hadithi ya lango lipi linaingilia mtaa upi, naye akaishia kuyajua majina yote, akawa anayataja akipigilia misumari.

Wakati huohuo ndipo Bibi alipokuja kunichukua.

Bibi, mama yake Baba, aliishi Tura, upande wa mashariki, kituo cha reli. Treni inapita mlangoni kwake, lakini hakuwahi kupanda. Kila mwaka, mavuno yakishaingia ghalani, alikuja Tabora kwa miguu, siku nne, na kurudi kwa miguu. Alikuwa amefunga kaniki, ana kibuyu cha maji kiunoni na fuko dogo la unga wa mtama. Watoto wa mtaani walimcheka. Mimi nilikuwa somo wake: wote wawili tulikuwa Kalunde, ingawa shuleni nilikuwa Klotilda. Aliniita pia mke mwenza, kama bibi wa kwetu wanavyowaita wajukuu wa kike.

"Mwangaluka, mke mwenza," alisema siku ile, akijitupa kivulini mwa nyumba. "Umenipikia nini, au umempikia mume wetu peke yake?"

"Shikamoo Bibi. Mume wetu amekufa zamani, anakula nini?"

"Marahaba. Anakula kuliko wewe. Lete maji."

Alipokwisha kunywa akamgeukia Baba. "Mwaka huu namchukua. Likizo yao inaanza lini?"

Baba akaendelea kuranda. Alijua Bibi anachotaka. Wote tulijua, kwa sababu alikuwa amelisema tangu nilipozaliwa. Zamani za misafara, baba yake Bibi alikuwa mpagazi wa pembe za ndovu, na safari ile alikwenda na familia nzima, wakibeba vyungu na mikeka, kama wapagazi wengi walivyofanya. Ndui ikaingia. Msafara haukumngoja mgonjwa. Wa kwanza alikuwa mama yake Bibi, aliyeachwa hapohapo Tabora, kwenye uwanja walikopiga kambi kabla ya kuondoka. Mbele zaidi, kila penye kambi, akaachwa mwingine: mama mdogo, watoto wawili wa mama mdogo, kaka zake wawili. Watu sita mpaka Tura. Bibi, mtoto wa miaka kama minane, alifika Tura ana homa, watu wa pale wakamwokota. Baba yake aliendelea na mzigo kwenda pwani na hakuonekana tena.

Sasa Bibi alikuwa na desturi yake, na hakuipunguza hata kidogo. Kila mwaka alipita pale walipolala, anachanganya unga na maji, anamwaga, anataja jina. Jina lilitajwa pale tu mtu alipolala, si jikoni wala kitandani. Alisema ukimwita mtu asipokuwepo unamsumbua bure, anakutafuta asikuone. Kwa hiyo majina yale hakuyajua mtu mwingine, hata Baba, ambaye alibatizwa ujanani akakataa kutembezwa. Yalikuwa yangu mimi, somo wake, na njia ya kuyapata ilikuwa moja: kutembea naye.

"Mama, mambo ya kutambika tuliyaacha," Baba alisema.

"Uliyaacha wewe. Mimi sijakuambia wewe, nimemwambia mke mwenzangu. Nina miguu ya mwaka huu. Ya mwakani siijui."

"Bibi, mimi nina mazoezi," nikasema. "Sista amenichagua mimi niwatembeze wageni."

"Mnatembea wapi?"

Nikamweleza: kuta, kengele, mto. Nikamwambia abatizwe, ili naye aingie, nitamfundisha mitaa, si migumu. Alinisikiliza kwa makini kabisa. Kisha akauliza, "Na huko kuna nani wa kwetu?"

Nilimwambia kuna watakatifu.

"Wao wana watu wao," akasema. "Mimi wangu wako njiani."

Nataka ieleweke kwamba hakuna aliyenilazimisha. Likizo ilianza kesho yake, na Sista aliniuliza waziwazi kama nitakuwepo kwa mazoezi au nasafiri. Nikasema nitakuwepo. Nilitaka mbingu yangu na nilitaka DC anione. Bibi akasema si kitu, atangoja hadi wageni waondoke, ndipo twende. Akakaa kwetu siku tisa, akipeta mchele wa watu mtaani asikae bure, huku miguu yake ikivimba kwa kukaa. Kila jioni aliniuliza, "Bado?" Nikamjibu bado.

Kitu kimoja alikuwa ameniambia, nami nikakipuuza. "Ile shule yenu," alisema, "ndipo pale pa mama. Wazungu wamejenga juu yake. Nikija huwa namwaga nje ya ukuta, haidhuru." Nilisikia, nikaenda zangu kuruka kamba.

Siku moja kabla ya wageni mvua isiyo ya msimu ikanyesha, ikafuta mji wote. Chokaa ilikuwa imekwisha, na nyingine haijafika kwa treni. Sista alizunguka uwanja akishika kichwa. Kisha akafungua stoo akaamuru madebe mawili ya unga wa muhogo, ule wa uji wetu wa saa nne, unga tulioutwanga sisi wenyewe kwa zamu. Tukauchora mji kwa unga. Wenzangu walilamba vidole wakijificha. Nakumbuka ulivyong'aa asubuhi ile, mweupe juu ya udongo mwekundu uliolowa, na malango ya Baba yamesimama. Ulipendeza. Hata sasa siivumilii harufu ya unga wa muhogo uliopata unyevu, na jikoni kwangu haukai.

Wageni wakaja saa tatu: DC, mkewe mwenye kofia ya majani, mapadri wawili, mabibi wengine wanne. Baba alisimama kando na nyundo, lango lisije likaanguka. Nikaanza. Niliongea Kiswahili, Sista akawatafsiria kwa Kiingereza chake. "Karibuni mjini. Tunaingia lango la mashariki. Huu ni mtaa wa Martini." Walinifuata wakiinua nguo zao kana kwamba kweli kuna matope ya Ulaya. Kwenye soko la samaki walinusa. Walicheka, lakini kwa wema. Nilikuwa nimefika kisimani, tayari kugeuka kushoto, nilipomwona Bibi.

Alikuwa ameingia upande usio na lango. Alikuja kunitafuta, ana kibuyu chake na fuko lake, amefungasha, maana nilikuwa nimemwambia leo ndiyo mwisho. Akasimama mtoni. Akatazama chini. Akatazama uwanja wote, mistari ile mirefu ya unga mweupe iliyomwagwa ardhini huku na huku, na Wazungu waliovaa vizuri wakitembea juu yake taratibu wakiongozwa na mjukuu wake.

Nawaulizeni ninyi mnaotoka kwetu: angefikiri nini? Unga mweupe haumwagwi chini kwa mchezo. Unamwagiwa wafu. Na pale palikuwa pa mama yake. Alifikiri nimewaambia. Alifikiri masista wamejua ni nani aliyelala chini ya uwanja wao na wameita hata serikali kuja kumtambikia. Niliona uso wake ukilegea, sura ya mtu aliyetuliwa mzigo. Akavua kitambaa cha kichwa. Akapiga magoti katikati ya nyumba ya askofu, akachota unga kiganjani, akautia maji ya kibuyu, akajaza mdomo na kupuliza kuelekea mashariki.

"Nyamizi!" akaita kwa sauti ambayo sikujua anayo. "Mama! Nyamizi! Wamekukumbuka! Si mimi peke yangu tena, mama. Tazama unga wote huu! Tazama watu!"

Mke wa DC akauliza kitu huku akitabasamu, nadhani aliuliza kama huyu ni mmoja wa waigizaji. Akapiga makofi. Wengine wakacheka, wakapiga makofi pia. Bibi akawainulia mikono miwili, akiwashukuru. Aliwashukuru! "Asanteni, wanangu. Mungu awalipe."

Sista alikuwa mwekundu mpaka kwenye shingo. Alikwenda akakanyaga kwa kiatu kile Bibi alichokipuliza, akakisugua kwenye udongo. "Ushenzi," alisema. "Hapa mbele ya msalaba." Kisha akanigeukia, kwa sababu aliona jinsi nilivyosimama. "Klotilda! Unamfahamu mama huyu?"

Baba alikuwa hatua kumi kutoka kwangu. Nilimtazama. Alikuwa ameshika nyundo kwa mikono miwili, anatazama lango lake. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, naye alikuwa mtu mzima mwenye ndevu, na alinisubiri mimi nijibu.

"Hapana, Sista," nikasema.

Bibi alisikia. Alikuwa bado amepiga magoti. Alinitazama mara moja tu, akamtazama Baba, na akaelewa upesi kuliko tulivyoelewa sisi ni nini kingetokea kama mmoja wetu angesema kweli. Akafunga kitambaa chake, akainuka kwa kusaidiwa na mkono wake mwenyewe.

"Kweli hanijui," alimwambia Sista. "Nisamehe, mama. Mimi mpita njia, nimepotea. Sina mtu hapa."

"Fundi, mtoe nje," Sista alisema.

Na Baba akaweka nyundo chini, akaja, akamshika mama yake kwenye kiwiko, akasema, "Haya, twende, bibi," kwa ile sauti ya heshima tunayompa mwanamke mzee yeyote barabarani. Wakatoka. Alimtoa kupitia lango alilolitengeneza yeye, akalifunga, akarudi mahali pake.

Nikageuka kushoto. Tanera. Ngazi kumi na moja. Lango dogo. Sikukosea hata kona moja. Mke wa DC alinipa kopo la biskuti, nilizila zote, na zilikuwa tamu. Kwa hilo nina hasira na ulimi wangu mpaka leo.

Niliporudi nyumbani mkeka wa Bibi ulikuwa umekunjwa. Baba anaranda ubao ambao haukuwa wa kitu chochote.

"Bibi yuko wapi?"

"Ameondoka."

"Kwa treni?"

"Yule anapanda treni lini?"

Hayo ndiyo maneno yote tuliyosema kuhusu siku ile, mimi na baba yangu, mpaka alipokufa. Tulikula meza moja miaka mingi. Nilimhurumia baadaye, nilipojua mshahara wake na nilipojua kwamba fundi aliyemtangulia alifukuzwa kazi kwa sababu ya hirizi iliyoonekana shingoni mwa mtoto wake. Lakini huruma ni kitu kingine. Alikuwa na kinywa, na alikitumia kusema "bibi".

Likizo iliyofuata nilikwenda Tura mwenyewe kwa treni. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Nilitamani kutukanwa. Bibi alikuwa ameketi mlangoni, miguu imejaa kama vinu, ngozi imepasuka. Safari ile ya kurudi peke yake, siku nne kwa miguu iliyokwisha kuvimba kwa kunisubiri, ndiyo iliyommaliza. Akaniona, akacheka.

"Mke mwenza! Umekuja kuninyang'anya nyumba?"

Nikalia pale pale. Nikamwambia nisamehe Bibi. Akaniuliza anisamehe nini, ule mdomo ulisema kilichotakiwa kusemwa, na mume wetu mwingine, yaani Baba, angekula wapi kama kazi ingekwisha? Hakukasirika. Hata kidogo. Hilo ndilo nisilomsamehe. Angenipiga, ningelipa, tungekuwa sawa.

"Basi niambie majina, Bibi. Nitayaandika. Nina daftari."

"Hapa amelala nani?" akauliza.

"Hakuna mtu."

"Basi nitamwita nani hapa? Miguu ikipona tutakwenda."

"Niambie tu, Bibi. Kwa sauti ndogo."

"Somo," alisema kwa upole, "hawa walishaachwa mara moja. Nisiwaite nikiwa nimekaa, wakaamka, wakakuta hakuna aliyekuja."

Haikupona. Niliitwa shuleni mwaka wa pili yake, nikiwa na miaka kumi na mitatu, kwamba Bibi amefariki. Tulikwenda na Baba kwa treni, yeye katika koti lake jeusi la kanisani. Bibi hakuwa amebatizwa, kwa hiyo walimzika watu wa ukoo wa Babu kwa namna yao, na Baba alisimama kando kidogo, mikono nyuma.

Baada ya udongo kurudishwa, mdogo wake marehemu Babu, mzee mwenye jicho moja, akanipa bakuli la unga na maji. Alisema kwa watu wote, "Huyu ndiye Kalunde sasa. Marehemu hakuwa na ndugu wa damu kati yetu, ndugu zake ni wale wa njiani. Leo wanakuja hapa wenyewe kumpokea, kwa hiyo leo wanaitwa hapa. Alituambia alipokuwa mgonjwa: majina yote anayo somo wangu."

Bibi aliwaambia hivyo. Sijui kama alisahau, au alitaka kunisitiri mbele za watu kwa mara nyingine tena. Nimeligeuza swali hilo miaka yote hii na linaniudhi kila upande.

Nikamwaga. "Nyamizi," nikasema.

"Nyamizi, pokea," wakaitikia, watu kama arobaini.

Wakangoja. Ningeweza kusema sijui. Ni neno fupi. Lakini walikuwa wamesimama vichwa wazi, wanawake wameshika watoto wao wasifanye kelele, wakingoja kusikia watu watano waliokufa kwa ndui kando ya njia na ambao majina yao hakuna mwingine duniani aliyekuwa nayo. Miguuni pangu unga ulitambaa mweupe juu ya udongo mwekundu. Nikapiga hatua moja, na mdomo ukafanya kile ulichozoezwa kufanya.

"Martini."

"Martini, pokea."

"Tanera."

"Tanera, pokea."

Bushe. Kordelie. Rampari. Hakuna aliyeshangaa. Watu wa misafara walikuwa na majina ya kila nchi. Mwanamke mmoja alilia kwa uchungu aliposikia Bushe. Ni mtu mmoja tu pale aliyeyajua, aliyeyapigilia misumari wiki nzima. Nilimtazama Baba, nikamwomba kwa macho asimame, aseme, anipige kofi mbele ya watu. Alikuwa ameinamisha kichwa, na kila jina lilipotajwa midomo yake iliitikia pamoja na wengine.

Hawakuyasahau. Ukoo ule bado uko Tura, na kila mwaka wanamwaga unga, wanawataja wote sita. Mwezi uliopita kijana wao mmoja alinipigia simu. Mkewe amejifungua msichana, mtoto analia sana, wazee wamesema anataka jina la mtu wa njiani, na wamempa Tanera. Kwa kuwa ni mimi mkubwa niliyebaki, alitaka nimweleze huyo Tanera alikuwa mtu wa namna gani, ili mtoto akikua aambiwe.

Nilitoka na simu uani, mpaka akaniita, "Bibi? Bado upo?"

Nikamwambia nipo. Nikamwambia alikuwa mtoto, binti wa mama mdogo, aliugua safarini, wakamlaza kando ya njia, na watu wake wakaenda wakamwacha.